Chumba cha Kulalia Kifudifudi

Mapazia alikuwa na muda hadi adhuhuri, na miguu yake ilishatangulia kabla kichwa hakijaamua iende wapi. Adhuhuri hospitali ya macho ingemtoa mama yake kitandani ili kitanda apewe mwingine, na huko atakakompeleka mama huyo alipaswa kulala kifudifudi siku tano.

"Nyuma ya jicho kuna utando," daktari alikuwa amemweleza jana yake. "Wa mama ulibanduka. Tumeurudisha, tukaweka kiputo cha hewa kiushikilie mpaka ushike. Hewa hupanda juu, si ndiyo? Basi uso ukiwa chini, kiputo kinabonyeza pale penyewe. Akiinua uso, kinahama."

"Kikihama?"

"Jicho linakwenda. Na lile lingine unajua mwenyewe lilivyo."

Alijua. Lile lingine lilikufa miaka sita nyuma. Hili ndilo lililobaki.

Kila saa, dakika hamsini uso chini, dakika kumi za kula na kwenda haja. Na kila asubuhi arudishwe kutazamwa. Nyumbani kulikuwa safari ya kutwa nzima. Mwenyewe Mapazia akija mjini hulala kwa mfanyabiashara mwenzake, chumba kimoja, watu watano na marobota ya vitambaa, magoti kidevuni. Huko humpeleki mgonjwa. Ilibaki hoteli.

Na kwa hoteli za mtaa ule wa hospitali, hakuna aliyemzidi. Jina la Mapazia hakupewa bure. Alianza kwa kupinda mashuka ya watu kwa sindano ya mkono, akanunua cherehani iliyokuwa ikimeza nyuzi, leo anazo nne na mafundi watatu wanaomwogopa. Kila mwezi huja mjini kuvisha madirisha. Amepanda ngazi katika vyumba vya hoteli karibu zote za pale, hajawahi kulala hata kimoja. Kazi ilimfundisha kanuni moja: mteja wa kitambaa kizito ana jambo la kuficha. Anayeagiza tabaka tatu, nyuma ya dirisha lake kuna jenereta, kuna baa, au kuna jirani asiyevaa vizuri.

Basi akachagua kwa kinyume. Hoteli ya vioo akaipita, kwani alijua kinachonguruma uani kwake. Hoteli ya njia panda aliipita mbiombio, uso pembeni. Meneja wake, Kipara, alikuwa mteja wake mkubwa na mlalamikaji wake mkubwa, na siku ile hakuwa na nafasi ya kulalamikiwa. Akaishia mwisho wa kichochoro, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mwembamba aliyesema kwa kunong'ona. Yule alikuwa amenunua wavu mwepesi tu, wa kuzuia mbu. Hakuwa na cha kuficha.

"Chumba cha nyuma, siku tano," Mapazia alisema. "Pamoja na meza ndogo, na godoro la pili."

"Godoro la pili lina malipo yake, dada."

"Malipo ya nini? Hili la kwanza naliona lilishakata roho. Ukinipa mawili utakuwa umenipa moja."

Mwenye nyumba akacheka bila sauti. Kule hata kicheko kilivaa soksi. Godoro likaja.

Mapazia akakata kitambaa cha bitana, akashona mto wenye tundu katikati. Ulitoka kama kata ya kubebea mzigo kichwani, ila hii ilikuwa ya kubebea uso. Saa saba mama alikuwa amelazwa, paji la uso juu ya kata, pua inatazama sakafu. Kimya kilikuwa safi. Mapazia akajipongeza, akatoa simu ampigie fundi wake.

"Nani huyo?" Kichwa cha mama kikaja juu.

"Uso, mama! Hakuna mtu."

"Nimesikia kitu."

"Maji kwenye bomba."

Kichwa kikarudi. Haukupita muda wa kuchemsha chai, kikaibuka tena.

"Mlango umelia."

"Haujalia."

"Mbona mtaa mzima umenyamaza? Kuna msiba?"

Mama yake alikuwa ameuza vyombo sokoni miaka arobaini. Watoto alizaa kati ya mteja na mteja, na usingizi wa mchana alilala ameegemea masufuria huku soko likivuma. Sasa umefungiwa mwili kama huo mahali ambapo hata mende hutembea kwa adabu. Kila kilichokwaruza kilimwinua, na kisipokwaruza kitu alijiinua kutafuta sababu. Mapazia akakaa, akasimama, akazunguka kitanda, akakaa tena. Simu ikatetemeka, kichwa kikainuka. Akaizima, kichwa kikainuka kuuliza mbona ameizima.

"Nitakufunga na kamba ya pazia, mama. Nakuambia kweli."

"Nifunge. Wewe nilikufunga mgongoni miaka miwili, siku moja hukutulia."

Asubuhi ya pili daktari alimulika jicho, akamulika tena, akaizima taa yake.

"Kichwa hakikukaa chini."

"Kilikaa," alisema Mapazia, kwa mazoea ya kutokubali bei ya kwanza.

"Hakikukaa. Utando umeanza kuinuka pembeni. Kidogo tu. Nikikuta hivi tena kesho, sitakuwa na la kufanya."

"Daktari," mama aliiambia sakafu, "kule nimewekwa kaburini kabla ya wakati." Lakini daktari alishahamia kwa mgonjwa mwingine.

Mtaa ulikuwa umefungwa na lori lililoharibika, gari la kukodi likawatelemsha mbali. Wakatembea. Mapazia alimshika mama kiwiko, mama akatembea kainama, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Mama kapoteza nini?" muuza viatu akauliza.

"Ujana wangu!" mama akajibu. "Ukiuona uniokotee!"

Watu wawili waliokuwa nyuma hawakusikia jibu. Wao waliona mtu anatazama chini, wakaanza nao kutazama chini. Hatua kumi mbele kulikuwa na kikundi kinachotafuta bila kujua kinatafuta nini. Mapazia hakucheka. Alikuwa anawaza usiku utakaokuja, na kamba za pazia hakuziwaza tena kwa mzaha.

Kwenye njia panda simu ikalia. Ni fundi: amekata kitambaa cha mteja kifupi kwa upana wa kiganja. Mapazia akamsimamisha mama penye vyuma vya kando ya barabara, akamwekea kata juu ya chuma, akamwinamisha, akageuka kugombana. Spika mbili za maduka zilikuwa zinashindana, honi zinajibizana, mtu anauza sufuria kwa kuzipiga pamoja. Ilimbidi akemee kwa mdomo wote. Ugomvi ukachukua muda, maana fundi alikuwa na visingizio vingi kuliko nyuzi. Alipomaliza akageuka kwa hofu.

Mama hakuwa ameinua uso hata kidogo. Mabega yalikuwa yameshuka. Mkono mmoja ulikuwa unapiga chuma taratibu, kufuata mwito wa muuzaji.

"Huyu kijana wa sufuria anaharibu," mama alisema kuelekea chini. "Mteja ameuliza bei mara ya pili, yeye bado anasifia mfuniko. Akiuliza mara ya pili ameshanunua. Nyamaza, mfungie."

"Mama, shingo haikuumi?"

"Usinisemeshe. Kuna mwanamke anataka kuondoka kwa hila. Atarudi huyo."

Mapazia akatazama juu. Ghorofa ya kwanza, dirisha la kona, spika chini yake. Mapazia ya tabaka tatu. Yake mwenyewe.

Kipara alimwona anaingia, akasimama nyuma ya meza ya mapokezi kama hakimu.

"Leo umejileta! Si uliniambia wageni watadhani wamelala shambani?"

"Nilisema kelele zitapungua."

"Ulisema shambani! Nakumbuka mpaka ulivyokuwa umevaa."

"Basi shambani. Nipe chumba cha kona."

Kipara akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayeambiwa. "Kile? Mgeni wa mwisho alirudisha ufunguo kabla hajavua viatu."

"Hichohicho. Siku nne, kwa nusu ya bei."

"Nusu?" Meneja akanusa harufu ya biashara. "Kama unakitaka hivyo, mbona nikipunguze?"

"Bwana, kimekaa mwaka mzima hakijapata mchumba. Leo kaja wa kwanza, unamwuliza ukoo?"

Kutoka nyuma, sauti ikapanda kutoka sakafuni: "Tena na chai ya asubuhi juu yake!"

Kipara akainama kutazama anayesema. "Huyu ni nani?"

"Ndiye aliyenifundisha kazi," alisema Mapazia. "Kubali haraka, akianza yeye utatupatia na hoteli."

Chumbani alipanda kiti, akayaondoa mapazia yote matatu, akafungua madirisha mpaka mwisho. Mtaa ukaingia mzima mzima na mabuti yake. Mama akajilaza mwenyewe kukingama kitanda, uso ukining'inia ukingoni ndani ya kata, akashusha pumzi ndefu. Hakuuliza nani yule, kwa sababu walikuwapo wote.

Aliyeteseka ni Mapazia. Kelele zilimkaa menoni. Alijaza pamba masikioni, akapinda bitana ambazo hazikuhitaji kupindwa, akashuka, akapanda, akashuka. Kila akirudi aliupata uso chini na habari mpya juu: mwenye duka la simu amegombana na mkewe, mwanamke wa jana kweli amerudi, kijana wa sufuria ameanza kupata akili. Zikifika dakika kumi za kula, mama alikula haraka, akarudi kazini.

Asubuhi ya tatu daktari alimulika muda mrefu. "Utando umelala," alisema. "Umelala vizuri. Endeleeni hivihivi." Hakuuliza wanafanyaje, na Mapazia hakujitolea kueleza.

Siku ya tano akaruhusu uso uinuke. Aliwaonya kwamba kiputo bado kimo, mama ataona kama yuko ndani ya maji, juu kutakuwa na mwanga na mstari unaocheza. Wakarudi hotelini kufunga mizigo. Basi lilikuwa linaondoka saa sita na Mapazia alishakunja kila kitu mara mbili.

Mama alikwenda dirishani. Akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha, mpaka mtaa ukakaa juu ya mstari.

"Kumbe kijana wa sufuria mfupi hivi?" alisema. "Kwa sauti ile nilidhani ana mwili."

"Umemwona, mama?"

"Nimemwona. Ana shati la bluu. Halijapigwa pasi."

Mapazia akasimama mkono juu ya begi. Akachungulia chini juu ya bega la mama yake. Shati lilikuwa la bluu, na halikuwa limepigwa pasi.

"Haya, twende. Basi halitungoji."

"Tulia kidogo," alisema mama. "Kapata mteja."

Mapazia akakaa juu ya robota la mapazia, begi mapajani, mguu mmoja ukipiga sakafu.