Siku Nilipoandika Kwamba Wifi Hajui Kupiga Pasi

Kuna mtu alikuwa anaandika kitabu changu wakati mimi niko kazini.

Hakukiiba. Alikuwa anakiandika. Asubuhi naacha ukurasa hivi, jioni naukuta vile. Mtacheka mkimaliza kusoma, kwa sasa nivumilieni.

Mimi ni mpokea wageni kwenye kliniki ya meno. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Inayoninyima raha ni uandishi. Kila asubuhi kabla ya kutoka nakaa kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, ile ya mezani, tumeibana kwenye korido kati ya friji na mlango wa bafu, naandika ukurasa mmoja au mbili.

Riwaya yenyewe ilimhusu mwanamke mmoja mkorofi anayeitwa Wifi Sindano. Anaingia nyumba za watu bila hodi, anafunua masufuria, anavuruga ndoa za kaka zake.

Sasa nieleweke. Wifi Sindano nilimtoa kwa wifi yangu mwenyewe.

Ni dada mkubwa wa mume wangu, msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini. Pua yake inajua shuka ilianuliwa kabla haijakauka. Akija kwangu haanzi kusalimia watu, anaanza kukagua mapazia. Nilimwandika mzima mzima: mwendo wake, kikohozi chake kabla ya kusema jambo baya, hadi ile tabia ya kusema "mimi sisemi kitu" halafu anasema kutwa nzima.

Ndiyo maana hakuna mtu wa ukweni aliyetakiwa kukiona kile kitabu. Hata mume wangu nilimdanganya kwamba ni hadithi ya mapenzi. Wifi ndiye aliyewalea wadogo zake wote, ukimgusa yeye umegusa ukoo. Ningerudi kwetu na mabegi yangu, na mama mkwe ninayempenda asingenitazama tena usoni.

Haya.

Siku moja kompyuta ikazimika ghafla. Ilipowaka ilikuwa imesahau kila kitu, na sura zangu za mwisho zikawa zimekwenda na maji. Nililia mpaka mume wangu akaacha chakula, na yeye si mtu wa kuacha chakula.

Mume wangu ni fundi wa lifti.

"Mke wangu, lifti haishikwi na waya mmoja," akaniambia. "Ukikatika huu, upo ule. Wewe kitabu chako ulikining'iniza kwenye waya mmoja."

Jumamosi akakaa pale kwenye korido, mimi napika. Akaiwekea kompyuta bekapu ya kujiendesha: kila nikihifadhi faili, yenyewe inapeleka nakala mtandaoni bila kuambiwa. Nikawa namsikia anabonyeza, anaguna, anabonyeza tena.

"Tayari. Hata nyumba ikiungua, kitabu kipo."

Nikampakulia nyama nono. Laiti ningejua, ningempa mfupa.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa shwari. Kisha asubuhi moja nikaandika: *Wifi Sindano aliyatazama mapazia, akasema ni machafu.* Nikahifadhi, nikaenda zangu kazini.

Jioni nikakuta: *Wifi Sindano alishika pazia kwa vidole viwili, akauliza kwa upole: hili lilifuliwa, au lilioneshwa maji tu?*

Nikasoma, nikarudia kusoma. Mimi sikuandika hivyo. Na kilichoniuma zaidi, ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Mtuhumiwa wa kwanza akawa mume wangu. Lakini yule bwana ujumbe mrefu kuliko wote aliowahi kunitumia unasema "Nakuja. Mkate upo?" Nikamwondoa.

Mtuhumiwa wa pili nikawa mimi mwenyewe. Nikamuuliza daktari wetu kama mtu anaweza kuandika kitu halafu asikumbuke.

"Mimi mwisho wangu magego," akanijibu. "Huko juu zaidi kuna wenzangu."

Mambo yakaendelea. Wifi Sindano akawa ananenepa ndani ya kitabu, leo ana jibu jipya, kesho ana fitina mpya. Ikafika mahali nikirudi jioni sivui hata viatu, nakimbilia korido kujua leo kafanya nini. Kwenye kitabu changu mwenyewe. Nikaanza kuamini ni jini, na kama ni jini basi limesoma.

Mpaka siku ya pasi.

Nilikuwa nimechelewa, nikaandika haraka haraka kwamba Wifi Sindano, pamoja na majivuno yake yote, alikuwa hajui kupiga pasi, na kwamba aliwahi kuunguza shati la kaka yake mgongoni. Nikahifadhi, nikakimbia.

Jioni ile aya haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ukurasa mzima.

Wifi Sindano alianza na kola, upande wa ndani kwanza, kutoka nchani kwenda katikati ili isijikunje. Kisha mabega. Kisha mikono, akianzia kwenye vifungo. Kiwiliwili cha shati kikawa cha mwisho. Maji aliyanyunyiza kwa vidole, hakumwaga "kama wafanyavyo waliokosa wa kuwafunza". Na mstari wa kumalizia: *Alikuwa na kasoro zake, lakini shati halikuwahi kumshinda.*

Namjua mtu mmoja tu anayepiga pasi hivyo huku akiwasema wengine hivyo.

Kuandikwa mvunja ndoa alikubali. Kuandikwa mmbea akakubali, tena akaongezea chumvi. Kuandikwa hajui pasi, hapo akaona sasa huyu ananivunjia heshima.

Mume wangu alikuwa sebuleni, kanyoosha miguu.

"Baba, zile nakala zinakwenda wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni kwa nani?"

"Kwenye barua pepe ya nyumbani."

"Nyumbani gani, hapa?"

"Nyumbani kwetu."

Inabidi niwaeleze. Familia ya mume wangu ina barua pepe moja. Ukoo mzima. Baba mkwe aliifungua zamani akasema familia moja, anwani moja, ya nini kutapanya. Picha za mahafali, vikao vya harusi, vyeti vya kuzaliwa, vyote vinaingia humo, na nywila wanaijua wote kuanzia mama mkwe hadi shangazi. Kompyuta ilipomuuliza mume wangu aweke anwani gani, akaweka hiyo, kwa sababu ndiyo pekee anayoikumbuka. Kwa hiyo mtu yeyote wa ukweni akifungua alikuwa anaona faili langu. Na akibadilisha neno huko kwake, kompyuta yetu, kwa utiifu wake wote, inabadilisha na huku.

"Kwani kuna tatizo?" akaniuliza.

"Hakuna," nikasema, huku nawaza mabegi yangu yako juu ya kabati au chini ya kitanda.

Kesho yake muda wa chakula cha mchana nikaenda hospitalini. Bora nijipeleke kuliko kuitwa kikao.

Chumba cha kufulia kilikuwa kimejaa joto na kelele za mashine. Wifi alikuwa amesimama kwenye meza ndefu, mbele yake rundo la shuka nyeupe. Aliniona, hakushangaa, akanirushia upande mmoja wa shuka.

"Shika ncha hizo."

Nikashika. Tukaanza kukunja.

"Wifi, nimekuja kukuomba msamaha."

"Vuta. Kwako imelegea."

Nikavuta.

"Yule Sindano wako alikuwa amepoa," akasema. "Eti mapazia machafu. Hilo nalo ni tusi? Ukiamua kunisema, niseme nikasemeka."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika. Nilivaa viatu kabisa nije kwako. Nikasema ngoja nimalize hii sura kwanza, nije na ushahidi. Ikaishia pabaya, nikairekebisha. Kuja kushtuka, chai imepoa na hasira sizioni."

"Na mama? Naye amesoma?"

"Wamesoma wote."

Nilitamani zile mashine zinimeze.

"Ila hawajui ni mimi," akaendelea, anakunja tu. "Mama anasema yule ni shangazi yetu mtupu, hajabakisha kitu."

"Na shangazi mwenyewe?"

"Shangazi anasema ni wewe. Anasema una moyo sana, kujisema hadharani namna ile."

Nilicheka mpaka ncha za shuka zikaniponyoka. Naye akacheka, akajishika kiuno, akaegemea meza. Miaka yote niliyoolewa sikuwahi kumsikia akicheka, na nilijisikia vibaya kwamba sikuwahi hata kugundua.

Tulipotulia nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikereketa.

"Kuna sura moja hukuigusa. Hata nukta."

Ni ile ambayo Wifi Sindano anarudi kwake jioni. Nyumba inang'aa. Anapakua chakula, halafu anakula amesimama karibu na jiko, kwa sababu anaona haya kuandaa meza kwa mtu mmoja.

Wifi akaacha kukunja.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilibuni tu."

Akaweka kiganja juu ya shuka, akawa ananyoosha mahali palipokuwa pamenyooka tayari.

"Nimewalea wale wote, wifi. Leo kila mmoja ana kwake, na mimi nikiingia wananyamaza. Nisipokagua mapazia, nitafanya nini, nikae tu niwatazame? Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza mimi nikifika kwangu nakula vipi. Umekuja kujiuliza wewe. Tena ukiwa unanitukana."

Niliona aibu, na nilimpenda, vyote kwa wakati mmoja.

"Ile sura usiifute," akasema. "Na usiirembe."

Sikuifuta wala sikuiremba.

Kitabu kimekubaliwa na kampuni ya vitabu. Mhariri alinipigia simu akasema ana lalamiko moja tu: watu wote mle ndani wanaongea kama mimi, isipokuwa Wifi Sindano. Yule anaongea kama mtu aliye hai. Akaniuliza nilitumia mbinu gani.

Nikamwambia yule anajiandika mwenyewe. Akacheka, akadhani nimetoa jibu la kisanii.

Mume wangu amejitolea kuhamishia nakala kwenye anwani yetu wenyewe, nimemwambia aache kama ilivyo. Naandika kitabu cha pili. Asubuhi nahifadhi, jioni nakuta wifi amepita. Juzi alifuta ukurasa mzima akaniachia maneno mawili: *Umevivia. Rudia.* Nikarudia.

Sasa somo, kwa sababu najua mnalisubiri. Kompyuta yako iwekee bekapu leo, isije ikakuaga kama ilivyoniaga mimi. Lakini usibonyeze kila kinachokuuliza kama fundi wa lifti, soma kwanza nakala zinakwenda kwa nani.

Na kama kwenye familia yenu yupo mtu ambaye akiingia wote mnanyamaza na kukaa vizuri, muulizeni siku moja jioni huwa anakula na nani.