Korongo wa Mwisho Hajaondoka

Mama yangu ni Mbulgaria, na kwa sasa yeye ndiye jumuiya nzima ya Wabulgaria wa Sumbawanga. Zamani walikuwa watatu, wake wa vijana wa Kifipa waliokwenda kule kusomea kilimo na mifugo, wakarudi na shahada na wachumba. Mmoja alirudi kwao, mwingine tulimzika Msanzi. Baba naye ameshatangulia. Wa kuzungumza na mama lugha yake nimebaki mimi, mwalimu wa sekondari, ambaye mume wake alihamia Tanga kikazi na huu ni mwaka wa pili ananisubiri.

Kwao, mwezi wa tatu ukiingia, watu hufungana mkononi uzi mwekundu na mweupe. Hauvuliwi mpaka umwone korongo wa kwanza akirudi kutoka nchi za joto, ndipo ujue baridi imekwisha. Mwaka wa kwanza hapa Ufipa mama alimfunga baba uzi asubuhi, wakatoka nje, na shamba la jirani likawa limejaa korongo wanakula viwavi. Nchi ya joto yenyewe ndiyo hii. Uzi haukufika hata saa ya chai. Mama alilia, baba akacheka, na hakusamehewa upesi.

Wale wanawake watatu wakakaa kikao, wakaipindua sheria: huku uzi utavuliwa korongo wa mwisho akishaondoka. Mimi nimekua na sheria hiyo, na shuleni walidhani ni hirizi.

Mwaka huu uhamisho wangu ulitoka. Mume wangu alikuwa ameanza kuniuliza kwenye simu, "Hivi mke wangu, mimi nimeoa au bado nachumbia?" Nilimwomba mama twende wote Tanga, akasema Tanga hakuna kaburi la baba yako. Basi nikamwambia nitamaliza naye msimu, uzi ukivuliwa naondoka. Nilijiona mjanja sana.

Korongo waliondoka mvua ikiwa bado inanyesha. Nikamwambia mama, wamekwisha. Akasema jana kamwona mmoja njia ya Muze. Kesho yake kamwona mwingine karibu na josho la ng'ombe. Nikakodi bajaji, nikampandisha na koti lake, tukazunguka kwenye matope mpaka dereva akauliza, "Samahani bibi, kwani tunamtafuta nani?"

"Ndege," mama akasema.

"Haya. Na akionekana?"

Mama akanionyesha kwa kidole. "Huyu anabaki."

Dereva alinitazama kwenye kioo. Nilitamani kushuka nitembee kwa miguu. Mtu mzima, mke wa mtu, nimefungwa na ndege ambaye hayupo! Na utamwonyeshaje mtu kwamba ndege hayupo?

Siku ya safari nilichukua mkasi nikaukata uzi wangu mbele yake, begi likiwa mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote ninayo mdomoni. Mama aliokota vipande akavitia mfukoni, akasema, "Haya, safari njema. Ukifika utusalimie huko."

Kwa Kiswahili. Tangu nizaliwe hakuwahi kunisemesha Kiswahili tukiwa ndani ya nyumba, hata akiugua, hata kwenye msiba wa baba. Kiswahili chake ni cha sokoni, chenye lafudhi ya Kifipa, anachowawekea wauza maharage na mafundi bomba. Nikamjibu kwa Kibulgaria kwamba nitampigia simu kila siku.

"Sawa mama, asante," akasema.

Nikamuuliza dawa zake ameziweka wapi. "Zipo tu." Wala hakuwa amenuna. Alikuwa ameshaanza kuizoea nyumba isiyo na mtu wa kumwelewa.

Nikaliingiza begi ndani. Siku ile nilimchukia mama, sifichi. Nikakaa naye jikoni nikipika na kuongea Kibulgaria peke yangu, habari za shule, habari za majirani, chochote kilichonijia, huku simu ya mume wangu ikiita mezani. Jua lilikuwa la utosi aliponijibu kwa lugha yetu, akisema niongeze chumvi kidogo. Basi nililokatia tiketi lilikuwa limeshapita Tunduma.