Jina la Mwenye Paka

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya paka ya Lamu nilikwaruzwa mara tatu kabla ya adhuhuri. Daktari mkuu alinitazama mikono, akasema, "Bwana Athumani, kudunga sindano tutakufundisha. Kwanza jifunze kuandika." Akanipa daftari.

Paka wa mtaani akishahasiwa, tulimkata ncha ya sikio la kushoto kabla hajazinduka, ili asikamatwe na kupasuliwa mara ya pili. Paka wa nyumbani aliwekwa chipu, kidude kadiri ya punje ya mchele, chini ya ngozi kati ya mabega. Vijana hudhani chipu huonyesha paka aliko. Haionyeshi. Ina tarakimu kumi na tano tu. Ukimpitishia mashine ya kusomea unaipata nambari. Jina la mwenyewe na simu yake unavitafuta daftarini.

Ugumu ulikuwa hapo kwenye "mwenyewe". Kwetu nyumba hupewa binti, na paka huhesabiwa wa nyumba. Mwanamume akileta paka nikamwuliza ni wa nani, hujibu, "Wa kwao mke wangu." Basi niliandika jina la mke na simu ya mke. Paka wetu, Bizari, nilimwandika hivyo hivyo: mwenyewe, Bi Zuhura.

Baadaye tulipelekwa kisiwa cha Pate kwa kazi ile ile. Msimamizi wa safari, mama mkali, alikagua daftari langu kila jioni. Kule kijijini Chundwa mzee mmoja aliyefiwa aliniomba niache jina la marehemu mkewe, nami nikaliacha. Msimamizi akaliona.

"Paka huyu akipotea, simu itapokewa na nani?"

Nikatafuta kalamu.

"Daftari si kaburi, Bwana Athumani. Andika aliye hai."

Nikafuta. Na kanuni ikawekwa, kwa mwandiko wangu: paka aliyeokotwa asipopatiwa mwenyewe kwa siku saba, apewe atakayemtunza.

Zuhura alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilibadilisha majina ya marehemu wa watu wengi. La mke wangu sikuligusa.

Mwaka huu Bizari alipotea. Niliuliza kila kipenu na kila kichochoro. Jirani yangu, Bi Khadija, akanicheka: "Wewe uliyewatia nambari paka wa nti nzima, Lamu na Pate, wako umemkosa?" Nikamwambia ana chipu, kliniki watanipigia. Nikakaa na simu mkononi, hata msalani naenda nayo. Siku ya nane tangu apotee, baada ya sala ya alasiri, ndipo nilipokumbuka ni simu ya nani niliyoiandika.

Ya Zuhura ilikuwa sandukuni, imezimwa tangu siku ya maziko, ingawa kila mwezi niliitilia salio laini isifungwe. Ilikataa kuwaka. Niliiweka chajini nikasimama karibu yake. Ilipowaka, ujumbe uliingia: paka wako ameokotwa mashuani Mtangawanda, kule Pate, ameletwa kliniki Lamu, njoo kabla ya siku saba. Ulikuwa wa siku sita nyuma. Nikapiga kwa simu ile ile.

"Bi Zuhura!" sauti ya mwanamke ikasema. "Siku zote hizi twakupigia! Kesho asubuhi yuaja mtu kumchukua paka wako."

"Mimi ni mumewe."

"Basi mpe mwenyewe niseme naye."

Nilikata, nikavaa viatu, nikaenda.

Karani, mwenye sauti ile ya simuni, alikuwa mgeni kwangu. Bizari alikuwa kizimbani, amekonda, akanililia. Karani akampitishia mashine, akafungua daftari. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Baba, mwenyewe ni Bi Zuhura. Yuko wapi atie sahihi?"

Ningeweza kusema ni mgonjwa. Nilifikiria kusema hivyo.

"Ni marehemu," nikasema. "Mwaka wa tatu huu. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika."

Akainamisha kichwa. "Mungu amrehemu. Jina lake nilifute mimi?"

"Nipe kalamu," nikamwambia. Nikapitisha mstari mmoja juu ya jina lake, mwembamba, lisomeke chini yake, kisha nikaandika langu.