Nanjala Alisema Funga

Kitengela nzima, ukiona dishi la televisheni limekaa sawasawa juu ya paa, uliza tu. Huenda ni Mwololo aliyelifunga. Alikuwa fundi wa haja. Lakini mkewe Mbeke alipopigwa na kiharusi, upande mmoja ukafa ganzi, Mwololo aliteremka kwenye paa za watu, akatafuta kazi ya kufanyia nyumbani. Akapata: kujibu malalamiko ya wateja wa kampuni moja ya Nairobi, kwenye laptopu, Mbeke akiwa kitandani chumba hicho hicho. Alimgeuza, akamlisha uji, akamchokoza pia.

"Mama, leo umependeza hivi, unaenda wapi?"

Mbeke alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Ndipo mkubwa wao kazini, Bwana Gichuru, akatangaza kwamba Jumatatu wote warudi ofisini. Mwenye sababu ya kubaki nyumbani amwandikie barua pepe kabla ya Ijumaa jioni. Mwololo aliandika. Barua ikagoma kutoka. Akampigia simu Nanjala, binti wa kompyuta kule ofisini.

"Baba, ni VPN inakusumbua," Nanjala alisema. VPN ndiyo ile njia ya siri ya kuingilia mitambo ya kampuni ukiwa nyumbani, na wiki hiyo ilikuwa inaziba barua. "Funga VPN, halafu utume tena."

Sasa jamani, mwambie fundi wa dishi afunge kitu! Kwake kufunga ni kuweka, kukaza, kuhakikisha hakitikisiki. Aliing'oa VPN yote, akaiweka upya, akaiwasha, na hakuthubutu kuizima tena.

"Umefunga?"

"Nimefunga, tena imeshika kabisa!"

"Basi itaenda. Siku njema, baba."

Ng'o! Barua ilibaki pamoja na zile zinazosubiri kutumwa, mahali ambapo Mwololo hakujua kuangalia. Ijumaa ikapita, kimya. Kuuliza si ujinga, lakini mzee yule alikuwa na kiburi chake: alidhani amenyimwa, na hakutaka kumbembeleza mtu. Laiti angeuliza! Jumatatu alimwachia jirani yao Soipan ufunguo na uji kwenye thamosi, akabeba laptopu yake, akaenda kazini.

Ofisini Nanjala alifungua laptopu ya Mwololo, akashangaa.

"Baba, mbona VPN inawaka? Si nilikwambia ufunge?"

"Si nilifunga?"

Nanjala akaizima, na barua ikatoka papo hapo. Haukupita muda, Bwana Gichuru akaja mwenyewe.

"Mzee, uko na mgonjwa nyumbani na hukuniambia? Rudi sasa hivi, ukae na mama. Kazi utafanyia huko huko."

Mwololo alilia kwa furaha mbele ya watu, wala hakuona haya. Njiani alinunua ndizi mbivu, maana Mbeke alizipenda.

Soipan alikuwa mlangoni, macho yamevimba. Hakumsalimu, alimshika mkono tu. Mbeke alikuwa amekata roho mchana huo.

"Aliniuliza uko wapi," Soipan alisema. "Nikamwambia umeenda kazi. Akasema, 'Sawa, basi nitamngoja.'"