Mshipa kwenye Shingo ya Swala

Baba alikwenda kufanya kazi migodini, huko kusini, kabla sijaanza kutembea, na kilichorudi ni sarafu. Ililetwa na mwenzake aliyeondoka naye Tinde, imeshonewa kwenye pindo la koti, pamoja na habari kwamba baba alifukiwa na mwamba na akazikwa hukohuko. Namna alivyoipata hatukuambiwa. Ilikuwa ya dhahabu, bado mpya, na upande mmoja ilichorwa swala.

Ilikuwa na ila. Uzi mwembamba uliotuna ulitoka ukingoni ukakatiza shingo ya swala. Mama aliuita mshipa. Jioni, akishamaliza kuosha vyombo, aliupitishia kidole gumba huku na huku, na sisi tulijua wakati huo hasemeshwi. Kaburi la kupalilia hakuwa nalo. Hata kwenye mazungumzo aliitaja sarafu ile kama mtu.

Miaka ikapita, macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, apelekwe Mwanza akapasuliwe. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kwa ukame, kwa hiyo cha kuuza kilikuwa sarafu tu. Mama alikubali kwa sharti moja.

"Mumuuze kwa mtu atakayemtunza," alituambia mimi na mjomba, mdogo wake. "Akitaka kumyeyusha, mnirudishie. Heri nisione."

Mjomba alikuwa mchimbaji Mwakitolyo, na wachimbaji hawapeleki dhahabu kwa mnunuzi na uchafu wake. Huiosha, huichoma, huisugua, maana mnunuzi akiona doa tu amepata pa kukuonea. Basi asubuhi ya safari, mimi nikiwa jikoni nafunga viazi vya njiani, mjomba aliketi uani na kipande cha msasa laini akaiondoa ile ila. Alikuja kunionyesha kwa furaha. Nilimpenda sana mjomba yule, na mpaka leo siwezi kumkasirikia.

Kahama kulikuwa na sonara mzee aliyewajua watu wanaokusanya sarafu. Aliigeuza chini ya lenzi yake kwa muda mrefu.

"Nani ameisugua?"

"Mimi," mjomba akasema. "Ilikuwa na mstari hapa, umetuna."

Mzee akaweka lenzi chini. Alitueleza bila ukali kwamba mstari kama ule hutoka kiwandani. Chuma cha kupigia sarafu kikipata ufa, dhahabu huingia katika ufa ule, na sarafu hutoka na alama yake. Wakusanyaji huijua ila ya namna hiyo. Huipima na kuipa daraja, na wengine huitafuta hasa. Iliyopitiwa na msasa haipewi daraja.

"Hii sasa ni uzito tu," alisema. "Naweza kuinunua nikaiyeyushe."

Mjomba alinitazama. Nilitikisa kichwa, tukatoka kutafuta basi la kurudi. 

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Nilimwekea sarafu kiganjani nikaanza kumweleza. Kidole gumba kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Akaigeuza upande wa pili, akatafuta na huko.

"Huyu siye," alisema.

"Ndiye, mama. Mjomba aliisugua ili—"

"Ng'wana wane, mwanangu, macho ndiyo yanayokufa. Vidole bado ninavyo."

Akanyoosha mkono wenye sarafu mpaka mjomba akaipokea. Mjomba aliapa, akapiga magoti, akalia mbele ya majirani. Haikusaidia kitu. Mama aliamini tumemuuza mumewe akayeyushwe, tukamletea sarafu nyingine kumtuliza.

Macho yalifunga kabisa. Mjomba aliendelea kuja kila alipotoka machimboni, akimletea sukari na sabuni. Alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba, akamuuliza hali ya watoto, akaniambia nimpikie. Nilichukia saa ile ya chakula, kwa sababu nilijua kinachofuata. Mama angenawa, angejifuta mikono taratibu, kisha angemgeukia kwa upole uleule wa dada.

"Mdogo wangu, shemeji yako ulimwacha kwa nani?"