Kamera Aliyomuuzia Mpwa Wake

Walimwita Kioo, kwa kuwa aliuza lenzi na kamera zilizotumika, na kwa kuwa kila mteja aliyesimama mbele yake alijiona mjanja. Alianza na meza ya miwani kwenye baraza la duka la watu. Sasa duka hilo ni lake. Bidhaa iliyokaa sana rafuni aliichukia kama mgeni asiyeaga.

Bodi moja ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ilikuwa imemkalia hivyo. Kwa picha za harusi haikuwa na mpinzani. Kwa kitu kinachokujia mbio, fokasi yake, ile inayolenga ili picha isitoke na ukungu, ilibaki nyuma. Kioo alijua. Ndipo akaingia mpwa wake, binti wa dada yake. Timu moja ya magari ya mashindano ilitaka awapigie picha za mbio za Jumapili. Picha zikipendeza, kazi ya msimu mzima ni yake.

"Mjomba, lenzi ndefu ninayo. Nataka bodi isiyoachwa na gari."

"Hii hapa. Mimi usiniamini, amini macho yako."

Akamsimamisha mlangoni, pikipiki zikikatiza mbele yake. Kitu kinachokatiza hakibadilishi sana umbali, kwa hiyo hata kamera mvivu hukipata. Picha zikatoka safi. Kioo hakumwambia ageukie kule pikipiki zinakotokea.

"Ungekuwa mtu mwingine, ningeenda kwanza kuulizia," binti alisema.

"Sasa wajomba wa nini?" akajibu Kioo, akimfungia mzigo.

Jumamosi dada yake akapiga simu kushukuru. "Wewe kwa maneno hujambo, lakini kwa damu yako huna mchezo."

Chakula kikamgomea. Wageni alishawauzia mabaya kuliko hayo na akalala fofofo. Safari hii nafsi ilimsuta mpaka mkewe akamuuliza kama ana homa.

Asubuhi akatoa kabatini bodi yenye kasi, aliyokuwa amemwekea mteja wake mkubwa, akaenda nayo uwanjani. Mbio zilishaanza. Alimkuta mpwa wake nyuma ya ukuta wa matairi, akikodolea macho picha zake: lami ya nyuma imetoka vizuri, gari lenyewe ukungu mtupu.

"Ni mimi tu, Mjomba," alisema kabla hajaulizwa. "Sina mkono wa magari. Umenipa kitu kizuri, nimekiharibu."

Njia ya kuponyokea ikawa wazi, tena pana. Angesema tu "utazoea," na mambo yangeishia hapo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Mkono wako hauna neno," alisema. "Bodi ndiyo nzito, haiwahi gari linalokujia. Nilijua tangu siku ile. Nilikuuzia kwa sababu ilinikalia."

 Binti akaipokea ile nyingine, akahamishia lenzi yake, akaelekea kwenye kona magari yanakotokea.

Mwenye timu alizipenda picha za mwisho. Kisha akauliza ziko wapi za kuanza, magari yote yakiwa pamoja. Hazikuwepo. Binti hakumtaja mtu. Akapewa mbio moja zaidi ya kujaribiwa. Kazi ya msimu ikabaki haijaamuliwa.

Kioo alimbebea begi hadi getini.

"Hizo zijazo nitakuja mapema, nikusaidie."

"Hapana, Mjomba. Wewe kaa dukani."

Alisema kwa upole, bila kinyongo usoni. Kioo angependa zaidi atukanwe. Tusi angejua la kulijibu.