Kompyuta Isiyosalimia Wageni

Kompyuta za mitumba zilipoanza kupanda Lushoto kutoka Mombo, niliyonunua mimi ilikuwa na kiburi. Ilitambua tu vifaa ilivyovikuta wakati inawaka. Ukichomeka diski baadaye, haikuiona ng'o, mpaka uzime kila kitu na kuwasha upya. Nilihangaika wiki nzima nikirekebisha kiini cha mfumo wake, ile programu inayoviendesha vifaa vyote.

Asubuhi moja nikachomeka diski, kisha nyingine nikaiunganisha nyuma ya ile ya kwanza. Zote zikatambuliwa papo hapo!

"Sasa inamsalimia kila anayeingia," nikapiga kelele, "hata aliyejificha nyuma ya mwenzake!"

Nyuma yangu shangazi, aliyekuwa ameniletea chai, akaguna.

"Na mimi niliyesimama hapa mpaka chai imepoa, shikamoo yangu iko wapi? Au mpaka nitoke niingie upya?"